Gesi Iliyomwogopa Mkwe

Fundi alikuwa mpimaji wa hewa. Ukimwita kiwandani atakuja na begi lake jeusi begani, apime kama vumbi lenu linawala mapafu. Ukimwita hotelini atachungulia juu ya jiko, akuambie kama moshi unatoka nje au unazunguka tu na kuwarudia wapishi. Na ukimwita ofisini atakueleza kama wafanyakazi wako wanasinzia mchana kwa uvivu au kwa kukosa hewa safi. Wenye viwanda hawakumtisha. Mameneja waliomfokea kwa sababu ya majibu yake hawakumtisha. Aliyemtisha alikuwa mtu mmoja tu chini ya jua, naye ni mama mkwe wake.

Wala si kwamba mama yule alikuwa mkali. Angekuwa mkali, Fundi angejua pa kujificha. Alikuwa mkunga mstaafu, mfupi, mwenye viganja vipana, aliyezoea kumtazama mtu kwanza na kusema baadaye. Na mara nyingi, akishamaliza kutazama, hakuona tena haja ya kusema. Tangu Fundi amwoe binti yake, maongezi yao yalikuwa yale yale: shikamoo mama, marahaba mwanangu, habari za kazi, nzuri, karibu chakula, ahsante. Hapo akiba ya maneno ilikwisha, na Fundi akabaki kukodolea macho maua ya zulia.

Aliyeijaza nyumba ile kwa sauti ni baba mkwe. Mzee alikuwa amefanya kazi ya uchapaji maisha yake yote, na mitambo ya kuchapa ilikuwa imeondoka na sehemu kubwa ya masikio yake. Yeye kwa kulipiza alizungumza na kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya barabara. Salamu yake ilisikika kwa jirani. Minong'ono yake ilisikika sebuleni kutoka jikoni. Na usingizi wake, hapo usiseme. Mzee alikoroma kama mtu anayeburuta kabati juu ya sakafu ya mbao, analiburuta, analipumzisha, kisha analiburuta tena.

Nyumba yao ilikuwa kwenye mteremko wa kilima cha mawe. Kutoka barabarani uliingia moja kwa moja ghorofa ya juu, penye sebule, jiko na chumba cha kulala cha wazee. Ukishuka ngazi za ndani ulifika chumba cha chini, ambacho ukuta wake wa nyuma ulikuwa umechimbiwa kwenye mwamba wenyewe. Kilikuwa stoo hapo zamani. Miaka kadhaa iliyopita Mama alitoa makorokoro yote, akapaka kuta rangi ya maziwa, akatundika pazia zito kwenye kidirisha, akaingiza kitanda, akahamia. Kwa watoto wake alisema maneno machache tu: "Nimeamshwa usiku maisha yangu yote kwenda kupokea watoto wa watu. Sasa nataka kulala." Kila mtu alielewa, maana kila mtu alishawahi kulala nyumba ile.

Mambo yalianza Fundi alipoitwa kupima hewa ya shule ya chekechea iliyo chini ya kilima hicho hicho. Alikuta radoni nyingi darasani. Jioni, wakiwa wanakula, alimsimulia mkewe, na mkewe akauliza ni kitu gani hicho.

"Gesi," alisema Fundi. "Inatoka ardhini, kwenye mawe. Haina rangi, haina harufu. Nje inapotelea hewani, haimdhuru mtu. Ila ikipenya kwenye nyufa za sakafu na kuingia chumba kisichopitisha hewa, inajikusanya. Ukiivuta miaka na miaka, inaweza kukuletea saratani ya mapafu."

Mkewe alitua kijiko. "Kwenye mawe?"

"Hasa mawe kama yale ya kilima chenu."

"Na mama yangu analala wapi?"

Wote wawili walijua.

"Umepima hewa ya mji mzima," mkewe akasema, sauti yake ikianza kupanda, "lakini kwa wazazi wangu hujapima hata siku moja. Kesho unakwenda."

Kesho yake Fundi akaenda. Aliweka kidude kimoja cha kupimia sebuleni juu ya rafu. Hilo halikuwa na shida. Shida ilikuwa kidude cha pili, ambacho lazima kikae kule chini, karibu na kitanda. Fundi alisimama kwenye mlango wa chumba cha mama mkwe wake akiwa amekishika kama mtoto aliyetumwa na asiyejua ampe nani.

"Ingia," Mama alisema kwa nyuma yake. "Unaogopa kitanda?"

Aliingia akitazama dari. Akakiweka juu ya meza ndogo, mbali na dirisha, akaeleza kwamba kisisogezwe wala kufunikwa.

"Kinarekodi maneno?" Mama akauliza.

"Hapana, mama. Hewa tu."

"Kingejaza kanda nzima ya kelele za baba yako."

Fundi hakujua kama anaruhusiwa kucheka, kwa hiyo akakohoa.

Juu, Mzee alikuwa akimsubiri kwa maswali. "Haina harufu?"

"Haina, baba."

"Haina rangi?"

"Haina."

"Huioni, huinusi, huishiki! Sasa wewe unajuaje kama ipo? Enzi zetu mtu akikuuzia kitu cha namna hiyo tulimwita tapeli!"

"Ndiyo maana tunapima, baba."

"Haya, pima! Pima mpaka uchoke!"

Fundi aliviacha vidude vikae muda wa kutosha, kisha akarudi. Cha juu kilitoa namba ya kuvumilika: chini ya kiwango cha hatari, ingawa si mbali nacho sana. Cha chini kilimfanya akae kitako ukingoni mwa kitanda cha mama mkwe wake bila kukumbuka ni kitanda cha nani. Ilikuwa mara tatu ya kile kiwango ambacho yeye mwenyewe huwaambia watu wasikivumilie.

Alimkuta Mama jikoni akichambua mchele. Siku hiyo alisema maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia tangu harusi. Alimweleza namba, alimweleza maana yake, alimweleza kwamba haimaanishi ameshaugua, na kwamba kinachoumiza ni kuendelea kuivuta mwaka hadi mwaka. Mama alimtazama muda wote huo, vidole vyake vikiendelea kutafuta vijiwe kwenye ungo.

"Kinaponyeka?" aliuliza mwisho.

"Chumba? Kinaponyeka, mama. Nitaziba nyufa. Halafu nitatoboa sakafu, nitapitisha bomba hadi nje mpaka juu ya paa, na kuweka feni. Itakuwa inaivuta gesi chini ya sakafu kabla haijaingia ndani na kuitupa juu, ipeperuke."

"Na mpaka hapo?"

Fundi akameza mate. "Mpaka hapo, mama, ingekuwa vizuri ulale huku juu."

Alitarajia ubishi. Lakini Mama alikuwa amefanya kazi na vipimo kwa muda mrefu mno. Mapigo ya mtoto yakishuka hukai ukabishana na kifaa. Aliuweka ungo kando, akashuka ngazi, akarudi na mto wake kwapani, uso wake kama wa mtu anayehamishwa nchi.

"Nani anahamia?" Mzee akauliza kutoka sebuleni.

"Mimi. Kwa muda."

"Wapi?"

"Chumbani kwako."

Mzee alinyanyuka kwenye kiti chake kwa kasi ambayo Fundi hakuijua kwake. "Ngoja kwanza!" alisema. "Ngoja nitandike!" Na aliingia chumbani akafunga mlango, na humo ndani zikasikika droo zinafunguliwa na kufungwa, shuka zinakung'utwa, na kitu kizito kinasukumwa chini ya kitanda.

Kazi ilianza. Fundi alikuja kila alipopata nafasi, baada ya shughuli zake nyingine. Alihamisha vitu vya Mama, akafunika kitanda kwa turubai, akapiga magoti na kuzifuata nyufa moja moja pale sakafu inapokutana na ukuta, akizisafisha kwa brashi ya waya na kuzijaza gundi ya silikoni. Kona zilikuwa na giza. Siku moja, bila kuitwa, Mama alishuka akachukua tochi na kumulika pale alipokuwa akihangaika.

"Ahsante mama, si lazima."

"Ziba. Usitazame tochi, tazama ufa."

Kuanzia hapo akawa anashuka kila mara. Alimulika, alimpa brashi, alimwondolea vumbi kwa ufagio mdogo. Alikuwa msaidizi wa hali ya juu: aliweka kila kitu mkononi mwa Fundi kabla hajakiomba, na hakumwambia hata mara moja jinsi ya kufanya kazi. Fundi alipokuwa akitoboa sakafu kwa drili, na meno ya wote wawili yakigongana kwa mtetemo, Mama alisubiri kelele zikome, akavua barakoa.

"Nikuulize kitu, mkwe?"

"Niulize, mama."

"Mbona huzungumzi na mimi? Nimekukosea?"

Fundi nusura aangushe drili. "Mimi? Mama, mimi nilidhani wewe ndiye hupendi maneno."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Niliona mwenyewe."

"Binti yangu aliniambia kabla hujaja kwetu," Mama akasema, "kwamba mchumba wake ni mtu wa kimya sana, tusimchoshe. Basi mimi nikanyamaza ili nisikuchoshe."

Walitazamana katika vumbi lile jeupe, nyusi zao zote zimekuwa za wazee wa miaka mia. Mama ndiye aliyeanza kucheka, na alicheka kwa sauti nyembamba ya msichana ambayo Fundi hakuwahi kuisikia. Mzee akauliza kutoka juu kama kuna mtu ameumia.

Bomba lilipita, likatoka nje, likapanda ukutani hadi juu ya paa. Feni ilifungwa nje, na swichi yake ikawekwa kwenye korido ya chini, karibu na ngazi. Fundi aliwaita wazee wote wawili, akawaonyesha. Aliwaambia swichi hiyo ikae imewashwa siku zote, mchana na usiku, isizimwe hata wakisafiri.

"Na namba ikikaa chini wiki nzima bila kupanda," alisema, "mama anaweza kurudi chumbani kwake."

"Vizuri," Mama akasema.

"Msiharakishe," Mzee akasema.

Jioni ile namba ilianza kushuka. Fundi alikwenda nyumbani akipiga mluzi. Lakini aliporudi baada ya siku mbili alikuta imepanda tena, karibu ilipokuwa mwanzoni. Hakuamini macho yake. Alipiga magoti na kuipapasa sakafu nzima kwa vidole, akaziba hata mikwaruzo isiyostahili kuitwa nyufa. Namba ikashuka kidogo mbele ya macho yake. Akaaga. Akarudi siku nyingine: imepanda.

Sasa kazi hiyo ikamkosesha raha. Aliziba tundu la waya wa taa. Aliziba mahali bomba la maji linapoingilia. Alibadilisha kidude akidhani ni kibovu, na kidude kipya kikasema yale yale. Kwa wateja angepiga moyo konde, lakini hapa alikuwa mkwe. Mama alikuwa ameuweka usingizi wake mikononi mwa mkwe, na mkwe anaonekana hajui kazi.

"Nisamehe, mama," alisema. "Sijui tatizo liko wapi."

"Wengine huzaliwa haraka, wengine huchelewa," Mama akamjibu kwa utulivu. "Hakuna anayebaki tumboni."

Mzee ndiye aliyekuwa mpole kupita kiasi. Alimletea chai. Alimpigapiga bega. "Pole pole, mkwe wangu! Kazi nzuri haitaki papara! Hata ikichukua mwaka!"

Mkewe ndiye aliyelifungua fundo, na alilifungua bila kukusudia. Vidude vile viliweka kumbukumbu ya kila saa, na Fundi alikuwa amekaa kwenye kochi lao akiitazama kwenye simu, mstari unaopanda na kushuka kama milima. Mkewe aliinama juu ya bega lake.

"Hapa mbona umeshuka?"

"Hiyo ni Jumanne, nilikuwa pale."

"Na hapa?"

"Ijumaa. Nilikuwa pale pia."

"Na hapa kwenye kupanda?"

"Nimeshaondoka."

"Basi gesi yenyewe inakuogopa," mkewe akasema, akaenda zake kuoga.

Fundi alibaki na simu mkononi. Alitazama tena. Namba ilishuka kila alipofika na kupanda mara tu alipotoka, sawasawa kama wanafunzi wanaomwona mwalimu. Na gesi haina adabu ya namna hiyo.

Siku iliyofuata alikwenda bila kupiga simu. Hakugonga mlango. Alizunguka nyumba kwa ubavuni mpaka lilipo bomba, akaliwekea kiganja. Feni ikiwa inafanya kazi, bomba lile hutetemeka kidogo chini ya mkono kama paka aliyeshiba. Sasa lilikuwa limetulia tuli. Aliingia kwa mlango mdogo wa chini, na pale kwenye korido, mbele ya swichi, alimkuta baba mkwe wake na kandambili zake, akiwa ametega sikio lake zima upande wa barabarani, kusikiliza kama kuna gari linakuja.

Walitazamana.

"Shikamoo, baba," Fundi akasema, maana hakuna kingine kilichomjia.

"Marahaba! Umepita wapi? Sikusikia gari!"

"Nimeegesha mbali kidogo." Fundi alitazama swichi. Ilikuwa imezimwa. "Baba, feni imezimwa."

"Eh!" Mzee akaitazama kama ndiyo kwanza anaiona. "Inapiga kelele!"

Fundi aliinamisha kichwa. Feni ile ilikuwa nje ya nyumba, na hata mtu mwenye masikio ya popo asingeisikia kutoka ndani. Mzee mwenyewe mara nyingi hakusikia hata kengele ya mlango wake. Lakini ukweli huo mkwe anausemaje? Unamwambiaje baba wa mkeo kwamba ni mwongo, tena mwongo wa kutungia papo hapo? Aliendelea kuitazama swichi, na macho yale yakafanya kazi kuliko maneno. Mabega ya Mzee yakalegea. Akamshika Fundi mkono, akamvuta karibu, akamnong'oneza.

Ila kunong'ona kwa Mzee kulikuwa ni kule kule.

"Mkwe wangu," alinguruma, "hili libaki kati yetu. Mwenzio nimelala peke yangu miaka. Unajua maana yake? Unaamka asubuhi, unanyoosha mkono, unashika shuka. Sikumlaumu. Yeye anataka kulala na mimi nakoroma, basi. Lakini umekuja wewe na gesi yako, na mke wangu amerudi na mto wake. Anasoma gazeti kitandani, ananisomea kwa sauti. Juzi amenisema kwa ajili ya soksi zangu, nikafurahi kama nimepewa zawadi! Namba ikishuka, atarudi chini. Ndiyo hivyo. Sasa cheka."

Fundi hakucheka. Lakini kulikuwa na jambo ambalo lazima aseme, na alilisema polepole, akiukaribia uso wa Mzee ili amsikie vizuri.

"Baba, gesi haikai chini tu. Inapanda na ngazi. Feni ikizimwa, hata huko juu mnaipata. Si kama huku, lakini mnaipata. Nilipima."

Mzee akamtazama. "Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Mimi si kitu. Hata yeye?"

"Hata yeye, baba."

Rangi ilimtoka. Aligeuka, akaibonyeza swichi kwa kidole gumba kwa nguvu nyingi kuliko inavyohitajika, kisha akaubakisha mkono wake hapo hapo juu yake, kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe na upepo. "Mimi mpumbavu," alisema. "Mpumbavu mkubwa."

"Si mpumbavu sana," ilisema sauti ya Mama.

Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya katikati, taulo la jikoni begani. Ilikuwa dhahiri kwamba ameketi pale muda mrefu. Mnong'ono wa mumewe ulikuwa umemfikia jikoni neno kwa neno, na pengine ulikuwa umewafikia hata majirani.

Fundi alitaka sakafu, yenye nyufa au isiyo na nyufa, immeze. "Mama, mimi nitasubiri nje."

"Kaa. Wewe si mgeni." Akamgeukia mumewe, akapaza sauti ili asikie. "Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Na uzee huu?"

"Kwamba unataka nirudi."

"Ungesema nakoroma!"

"Ningesema unakoroma. Ningelalamika. Halafu ningekuja." Akalishusha taulo begani, akalikunja mapajani, akalikunjua. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya chini, na Mzee akalazimika kupanda ngazi mbili kumfuata. "Unajua kwa nini nilihama? Mnadhani ni kelele. Mimi nimelala kwenye mabenchi ya hospitali, kelele hazinisumbui. Wewe ukikoroma, kuna wakati unanyamaza. Unanyamaza kabisa, hupumui. Mimi nakaa gizani nasubiri. Nasubiri uvute pumzi kama nilivyokuwa nasubiri mtoto mchanga alie. Halafu unavuta. Halafu unanyamaza tena. Kila usiku. Nilishindwa. Nikaona bora niende mahali ambapo sitakusikia."

Mzee alikuwa amesimama na mdomo wazi. "Hukuwahi kuniambia."

"Nilikwambia uende kwa daktari."

"Nilidhani ni kwa sababu ya kelele!"

"Ndiyo. Ulidhani."

Hapo Fundi, ambaye alikuwa ameambiwa akae, alikaa kweli, kwenye ngazi ya chini kabisa, na kwa kuwa pumzi na hewa ndiyo kazi yake, akajikuta akisema kwamba kuna tiba. Hospitali kuu wana kitengo cha usingizi. Aliwahi kupima hewa ya chumba chao. Kuna mashine ndogo mtu anaivaa usoni akilala, inamsukumia hewa ili koo lisijifunge.

"Nivae bomba usoni!" Mzee akafoka.

Mama alimtazama tu, kwa ule mtazamo wake.

"Nitavaa," Mzee akasema.

Alivaa. Alipiga kelele wiki ya kwanza kwamba anafanana na mpiga mbizi, na wajukuu walipomwona walikubaliana naye, lakini alivaa. Nayo feni ya nje haikuzimwa tena. Mzee mwenyewe alikata kipande cha plastiki na kukigundisha juu ya swichi, asije mtu akaigusa kwa bahati mbaya. Namba ya chumba cha chini ilishuka, ikashuka, ikakaa chini kabisa ya kiwango, hata siku ambazo Fundi hakwenda. Ya juu nayo ikashuka. Chumba kikawa safi, chenye ubaridi wake, na kitanda kinamngoja mwenyewe.

Fundi alipoleta habari hiyo alimkabidhi Mama simu asome mwenyewe. Mama akaisoma.

"Kwa hiyo naweza kurudi chini."

"Unaweza, mama. Hata leo."

Mzee alikuwa dirishani, ametupa macho nje, akijitia hasikii. Safari hii alikuwa anasikia.

"Basi niitie binti yangu aje tusaidiane," Mama akasema. "Kile kitanda changu kina godoro zuri kuliko la huyu. Kipandisheni."

Jumapili wakakipandisha. Ilikuwa vita. Kona ya ngazi ilikuwa nyembamba, ubao wa kichwani mpana, na Mzee alitoa amri ambazo zingesikika kiwandani kwake mitambo yote ikifanya kazi. Fundi alishika chini, mkewe akashika juu akicheka mpaka akaishiwa nguvu, ikabidi wakitue katikati na kungoja amalize. Walipokifikisha, walikifunga bolti zake, wakatandika, na Mzee akajilaza kukijaribu tu, alivyosema, dakika moja. Dakika hiyo hiyo usingizi ukamchukua, bila kuvaa mashine, viatu miguuni, mkono mmoja umenyooka upande wa pili wa godoro.

Fundi na mkewe walitoka kwa kunyata. Mama alibaki mlangoni, ameegemea fremu, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Lile kabati la mkoromo wa Mzee likaburutwa juu ya mbao. Likapumzika. Muda ukapita, na Fundi, akiwa koridoni, akagundua kwamba na yeye ameshikilia pumzi.

Mama aliingia, akachukua mashine juu ya meza, akamvisha mumewe usoni taratibu, akakaza ukanda nyuma ya kichwa chake kama mtu anayemvalisha mtoto kofia. Kifua cha Mzee kikapanda.

"Nendeni mkale," aliwaambia bila kugeuka. "Mimi nipo hapa kidogo."